Kumtisha Mtazamaji kwa Wimbo wa Kumlaza Mtoto

Kijana akishaazima kamera na kupata wenzake wanne wa kuigiza, filamu ya kutisha ndiyo inayomjia kwanza, maana haidai gari la kifahari wala nyumba ya ghorofa. Giza ni la bure. Mikorosho ya Mtawanya, Kibiti, mkoani Pwani, jua likishazama, haihitaji kupambwa. Matatizo huanza kwenye muziki. Anapakua ngurumo, mlango wenye kutu, kwaya ya Kilatini na fidla zinazopiga mayowe kama zile za filamu ya Psycho ya 1960, anavibandika kuanzia mwanzo hadi mwisho, na siku ya kuionyesha pale kibanda umiza watu wanacheka. Hawacheki kwa ubaya. Muziki umewatangazia mapema mno kwamba shetani yuko njiani, nao wamejiandaa kumpokea.

Ningekuwa jirani yake ningemwambia afute vyote hivyo, aende kwa bibi yeyote aliyelea watoto, amwombe wimbo mmoja wa kubembeleza. Wimbo wa aina hiyo umebeba baadhi ya filamu za kutisha zinazoheshimiwa kuliko zote duniani, na kwa mtu asiye na fedha una faida nyingine isiyosemwa sana: unasikika kwenye spika mbovu. Ule mvumo mzito wa chini unaopakuliwa intaneti umetengenezwa kwa ajili ya majumba makubwa ya sinema. Kwenye televisheni ya kibanda au kwenye simu unapotea wote, unabaki mtikisiko wa plastiki. Sauti ya mwanamke anayeimba taratibu inapita popote, hata kwenye redio ya betri.

Sababu kubwa zaidi iko ndani ya wimbo wenyewe. Anayeuimba ni mtu mzima aliye macho usiku, na anayeimbiwa ni kiumbe asiyeweza kukimbia wala kuita. Mdomo unasema mambo ya upole huku sikio likiwa nje, kwenye vichaka. Rufiji jambo hili halihitaji kufafanuliwa. Msimu wa kulinda mpunga, watu huhamia mabondeni na kulala juu ya dungu, wakiwinga nguruwe na viboko. Kati ya 2002 na 2004 zaidi ya watu 30 waliuawa na simba wilayani Rufiji, na wengi waliwekwa kwenye hesabu ya simba mmoja ambaye watu walimbandika jina la Osama. Alipouawa Aprili 2004 alikutwa na jino bovu lenye jipu. Mfikirie mama mwenye mtoto mchanga juu ya dungu katika miezi ile. Mtoto asilie, kwa kuwa kilio kinafika mbali. Yeye mwenyewe asisinzie. Na wimbo anaomwimbia usipande juu kuliko pumzi. Hapo huna haja ya ngurumo yoyote.

Kwa hiyo sharti la kwanza, na kama utasahau mengine yote ulishike hili: usiutishe wimbo. Uache mtamu kama ulivyo. Kinachobadilika ni kile kilicho kando yake.

Aliyelijua hili vizuri ni Krzysztof Komeda, mpiga jazi wa Poland aliyetunga muziki wa Rosemary's Baby ya Roman Polanski mwaka 1968. Filamu inafunguka kwa mandhari ya majengo ya New York, na juu yake mwanamke anaimba bembelezi lisilo na maneno, kwa mapigo matatu matatu kama mtu anayeyumbisha kitanda cha mtoto. Mwimbaji ni Mia Farrow mwenyewe, mwigizaji mkuu, ambaye hakuwa mwimbaji wa kazi hiyo. Sauti yake inatetereka, haina mapambo, ni ya mama wa kawaida. Mwishoni, tukishajua ni mtoto wa nani aliyelala kitandani mle, wimbo uleule unarudi. Haukuongezewa ukali. Sisi ndio tuliobadilika. Hesabu hiyo ni ya kijanja sana, na haigharimu chochote isipokuwa uvumilivu wa mwongozaji kutouchezeachezea muziki katikati.

Miaka saba kabla yake, 1961, Jack Clayton alikwenda mbali zaidi katika The Innocents. Kabla ya picha yoyote, watazamaji waliwekewa kioo cheusi na wimbo wa kitoto unaoimbwa peke yake gizani. Baadaye wimbo huo unatoka kinywani mwa mtoto, tena kwenye kisanduku cha muziki kilichofichwa darini. Kila unaporudi una mwenye nao mwingine, na ndipo mtu anapoanza kujiuliza nani hasa aliyemfundisha mtoto wimbo huu.

Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Tukiona kisanduku cha muziki kwenye filamu za Wazungu, tunakwenda kupakua mlio wa kisanduku cha muziki. Lakini watunzi wale walikichagua kwa kuwa ndicho kilichokuwa kwenye vyumba vya watoto wa kwao. Nani Kibiti aliyelazwa kwa kisanduku cha muziki? Mtazamaji wako hana kumbukumbu ya kuiharibu. Tafuta sauti iliyomlaza yeye: kiganja kinachopiga mgongo wa mtoto taratibu, kitanda cha kamba cha teremka tukaze kinacholia kila mama anapojigeuza, mkeka unaokwaruza sakafu, mbu. Hizo ndizo ala zako. Ukitaka lazima mlio wa chuma kidogo kinachodonolewa, malimba ya Wagogo hutoa sauti kwa njia ileile ya kisanduku cha muziki, vijiti vya chuma vikibonyezwa na kuachiwa. Bagamoyo, palipo na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, ni mkoa huohuo wa Pwani, na ni mahali pa kuanzia kumtafuta mpigaji. Ila mpe noti tatu nne tu. Akianza kuonyesha ufundi, filamu imekwisha kuwa tamasha.

Sasa twende kwa bibi. Wengine hukosea tangu hodi. Usifike na kamera begani. Salimia, shikamoo yako itangulie, kaa, ulizwe habari za nyumbani, na ombi lije baadaye. Mwambie ukweli kwamba ni filamu ya kutisha, maana wapo wasiopenda wimbo wa mjukuu wao uchanganywe na mambo ya mashetani, na wana haki. Usimkalishe kwenye kiti mbele ya kipaza sauti ukasema, "Haya bibi, imba." Ataimba kama yuko harusini, au atacheka, au ataimba kile anachodhani watu wa mjini wanakitaka. Mpe mtoto halisi, ikiwezekana mwenye usingizi kweli, baada ya sala ya Isha. Akimshika, mwili utakumbuka wenyewe. Na usimchagulie lugha. Kama wimbo wake ni wa Kindengereko, uchukue hivyo hivyo, hata kama hadhira yako ya Dar es Salaam haitaelewa neno. Katika kutisha, kutoelewa ni mtaji.

Sikiliza mkono wake kuliko koo lake. Mkono ndio ngoma. Utagundua kwamba mwendo hauko sawa: anaanza upesi kidogo mtoto akiwa anasumbua, halafu kiganja kinachelewa, kinachelewa zaidi, mwishoni kinagusa tu. Usije ukakaza mwendo huo kwa kompyuta ili ulingane. Kule kuchelewa ndiko kunakokuambia wapi ukate picha.

Kurekodi si jambo gumu. Simu nzuri inatosha ukiiweka hali ya ndege, umbali wa shubiri moja na nusu kutoka mdomoni, kando kidogo ili pumzi isiigonge. Chagua chumba chenye godoro, mapazia na kanga zilizotundikwa, vinameza mwangwi. Epuka saa za jioni mapema chini ya bati: bati likipoa linatatarika, na utalisikia kwenye kila mstari. Nyumba iliyo karibu na barabara ya Kilwa itakupa malori hadi usiku wa manane, kwa hiyo ingia ndani zaidi vijijini. Hifadhi kwa WAV, kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, ndiyo inayooana na video. Wimbo ukiisha usizime. Acha dakika nzima ya chumba kitupu, kila mtu akiwa kimya. Dakika hiyo utaihitaji kuliko unavyodhani, kwa sababu nitakayoifikia.

Kuupanga ndani ya filamu ndiko kwenye ufundi. Mpango ninaoupendelea ni wa mara tatu. Mara ya kwanza wimbo uje kamili, sauti na kiganja na mlio wa kitanda, katika tukio lisilo na baya lolote. Mama anamlaza mtoto, taa inazimwa, basi. Watu waupende. Wahariri wengi wana haraka hapa, wanataka kuonyesha kivuli dirishani tangu dakika ya pili. Jizuie. Mara ya pili ije sauti peke yake, bila kiganja, na kamera isimwonyeshe mwimbaji. Mtazamaji atadhani ni mama yuleyule mpaka mama atokee uani akiwa na ndoo ya maji, na wimbo ndani ya nyumba unaendelea. Mara ya tatu ondoa sauti kabisa. Baki na kiganja kwenye mkeka, mwendo uleule wa kuchelewa. Wimbo wataumalizia wenyewe vichwani, na hakuna mwimbaji wa kukodi atakayeuimba vibaya kama wao.

Kuhusu kuuharibu wimbo kwa mitambo, yaani kuushusha nusu noti, kuurudisha nyuma, kuutilia mwangwi wa pango, sikatazi lakini nasema mara moja tu, na kidogo. Kwaya ya watoto ambayo Jerry Goldsmith aliitungia Poltergeist ya 1982 ni tamu kabisa, ungeweza kuiweka kwenye katuni. Cha ajabu ni vicheko vya watoto alivyoviacha mwishoni mwa filamu. Lalo Schifrin naye alitumia sauti za watoto katika The Amityville Horror ya 1979, na wengi wamemwiga tangu wakati huo hadi mtindo umechuja. Ukiona una watoto wanaoimba "la la la" polepole kwenye mwangwi mkubwa, jua watazamaji wameshaisikia hiyo kwenye tangazo la filamu nyingine wiki iliyopita.

Njia iliyo bora ni kuukata. Kila wimbo wa kubembeleza una noti ya kutua, pale sauti inapokaa chini na mtoto naye anatua. Sikio linaingoja. Simamisha wimbo noti moja kabla ya hapo. Halafu weka kilio cha komba. Watu wa Kibiti wanakijua kilio hicho, mnyama mdogo wa mitini anayelia usiku kama mtoto mchanga aliyetupwa, na ambaye sifa yake nyingine kwetu ni ulevi wa tembo la mnazi. Mgeni akikisikia kwa mara ya kwanza anatoka nje na tochi. Mama ameacha kuimba, mtoto wake amelala kifuani, na mtoto mwingine analia kwenye mkorosho. Hujaonyesha kitu na hujatumia senti. Rekodi komba halisi ukiweza, wa kwenye intaneti huwa wamechanganywa na wadudu wa nchi nyingine na wazee watakugundua.

Kama hadithi yako iko mtoni au kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, tazama The Night of the Hunter ya Charles Laughton, 1955. Watoto wawili wanamkimbia muuaji kwa mtumbwi usiku, msichana mdogo anaimba, na kingoni mwa mto wanaonekana chura na utando wa buibui, wakubwa kuliko mtumbwi. Baadaye, watoto wakiwa wamejificha ghalani, kutoka dirisha la nyumba ya jirani linasikika bembelezi la mama asiyeonekana. Tunapumua. Kisha kwa mbali inasikika sauti ya mwanamume anayeimba wimbo wa dini, inakaribia, na farasi anapita kwenye upeo wa macho. Nyimbo mbili, zote za faraja, moja ndiyo kifo. Fundi wa delta ana nafasi hiyohiyo: maji yanapokupwa kwenye mlango wa mto, tope la mikoko linatoa milio midogo midogo, na sauti ya mtu aliye kwenye mtumbwi husafiri juu ya maji hadi usijue yuko upande gani. Panga waimbaji wawili wanaopishana. Usitumie zaidi ya hao.

Mwanamume pia anaweza kuubeba wimbo, kwa mluzi. Fritz Lang katika M ya 1931 alimtambulisha muuaji wa watoto kwa mluzi, na kipofu mmoja ndiye anayemtambua kwa kuusikia. Pwani yetu mtoto hukatazwa kupiga mluzi usiku, ataita nyoka, au wale wasiotajwa. Bembelezi la bibi likipigwa mluzi nyuma ya nyumba saa nane usiku, hadhira ya Mtawanya itaelewa mambo mawili kwa pamoja: kwamba huyu aliusikia wimbo akiwa dirishani, na kwamba haogopi kinachoogopwa. Mwitaliano Dario Argento alifanya jambo linalokaribiana na hilo katika Profondo Rosso, 1975, ambamo muuaji huwasha kanda ya wimbo wa kitoto kabla ya kuua. Giorgio Gaslini ndiye aliyeutunga, na ni mchangamfu kabisa. Ukishausikia mara ya pili unatamani mtu aizime redio.

Ila nisiwasifie wa nje kupita kiasi. Mpango wote huu umo katika hadithi tuliyosimuliwa tukiwa wadogo, ya wasichana waliokwenda kuokota makombe ufukweni. Mmoja akarudi peke yake kufuata kombe lake, zimwi likamkamata, likamtia ndani ya ngoma, likawa linapita kijiji kwa kijiji. Likipiga ngoma, mtoto anaimba, watu wanacheza na kulilisha zimwi kwa furaha. Mpaka linafika kwao, na sauti inatambuliwa. Angalia mpangilio: wimbo mtamu kwanza, chanzo chake kimefichwa, wasikilizaji wanaufurahia bila kujua, na wa kwanza kushtuka ni wale wanaoijua sauti. Ukihitaji hadithi ya kutengenezea filamu ya dakika kumi, hiyo ipo tayari. Na watu wa kuitazama wapo. Mussa Banzi alipotoa filamu za Nsyuka na Shumileta mwanzoni mwa karne hii, ilionekana wazi kwamba Watanzania wanataka kutishwa na mashetani wa nyumbani.

Kitu kimoja nakiomba kwa wanaopiga picha Kibiti. Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa kwa risasi Mkengeni, na kabla na baada ya hapo viongozi wa vijiji waliuawa mmoja mmoja katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Waliofiwa wako hapo, na kwenye kibanda wanaweza kuwa wameketi safu ya kwanza. Zimwi, jini, simba, sawa. Bembelezi linalokatizwa na mlio wa bunduki usiku, katika vijiji hivi, hapana. Huko siko kutisha watu kwa sanaa. Kama una hadithi ya miaka ile, itengenezee filamu nyingine, na uanze kwa kuzungumza na wenyewe.

Turudi kwenye ile dakika ya chumba kitupu. Hadhira ya kibanda umiza imelelewa na filamu za kigeni zinazotafsiriwa papo hapo na watu wa aina ya Lufufu, wanaojaza kila nafasi kwa maneno na utani. Masikio hayo hayajazoea kimya. Ukikata wimbo noti moja kabla ya mwisho na kuacha kimya kitupu, mtu wa nyuma atapaza sauti, "Weka sauti wewe!" na mwenye kibanda atainuka kutikisa waya. Tukio limekufa. Kwa hiyo kimya chako kisiwe kitupu: chini yake laza ile dakika uliyorekodi, pumzi ya chumba, nyenje kwa mbali, vyura kama ni masika. Watu watajua spika inafanya kazi na kwamba anayenyamaza ni filamu. Jaribu mchanganyiko wako kwenye spika ya simu kabla ya kwenye vipokea sauti vya masikioni. Kisha nenda kibandani mchana kukiwa hakuna watu, umwombe mwenyewe akuwekee dakika tano za ile mara ya pili na ya tatu ya wimbo. Kama kiganja kwenye mkeka hakisikiki ukiwa umekaa nyuma karibu na mlango, kipandishe, hata kama nyumbani kwako kinaonekana kimezidi.

Mambo ya haki yamalizwe mapema, si filamu ikishapata wanunuzi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inagusa pia sanaa za jadi, hivyo kabla ya kuuza kazi yenye wimbo wa asili pita Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) na Ofisi ya Hakimiliki ukaulize unachotakiwa kufanya, na Bodi ya Filamu kwa kibali cha filamu yenyewe. Kwa bibi, kubalianeni fedha kabla ya kuwasha simu, shahidi awe mtoto wake mkubwa au mjukuu anayesoma, na karatasi isomwe kwa sauti hata kama atatia dole gumba. Mrudishie nakala ya wimbo peke yake, bila komba wala mluzi, kwenye kadi ndogo inayoingia kwenye redio yake. Jina lake liandikwe mwishoni mwa filamu akikubali. Asipokubali, andika jina la kijiji.